Shajara ya mafunjo: kumngoja mdudu wa mwezi, Kirumi, Julai hadi Oktoba 2025

Alhamisi, 24 Julai. Giza.

Leo mwezi haupo. Huko ziwani wavuvi wa dagaa wameshaondoka na taa zao, kwa sababu dagaa huvuliwa giza, na mbalamwezi ikikolea wanapumzika na kushona nyavu. Sisi tumekuja kando ya mafunjo kwa kazi nyingine, lakini kalenda yetu ni ileile ya kwao.

Nianze na mahali. Mto Mara unatoka milima ya Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, na baada ya safari ya kilomita karibu 395 unaingia Ziwa Victoria upande wa Musoma. Kabla ya kulifikia ziwa unapoteza kingo zake. Maji yanatawanyika, yanapoa mwendo, na mafunjo yanayapokea. Mtu anayepita Daraja la Kirumi kwenda Tarime anayaona kwa dakika moja tu, bahari ya kijani yenye vichwa vya manyoya vinavyoyumba, kisha basi linasonga mbele. Mimi nimepita hapo miaka mingi namna hiyo.

Mradi wenyewe ni mdogo. Tuko wanne: mimi ninayefundisha baiolojia sekondari, vijana wawili waliomaliza kidato cha nne, na mzee mwenye mtumbwi. Swali letu ni moja. Mwaka 1955 mtafiti aitwaye Hartland-Rowe aliandika katika jarida la Nature kwamba kuna mdudu wa Ziwa Victoria, jina lake la kisayansi Povilla adusta, ambaye hutoka majini na kuruka kwa wingi usiku wa pili baada ya mwezi mpevu. Alikuwa akimfuatilia upande wa Uganda. Tunataka kuona kwa macho yetu kama na hapa Kirumi mambo ni hayohayo, na anatoka sehemu gani ya kinamasi.

Nitamwita povila. Kwa Kiswahili sijapata jina lake, na nilipomwuliza mzee wa mtumbwi alinijibu, "Mwalimu, mbona huyo namjua? Ndiye mchwa wa maji. Amenilia mtumbwi wa kwanza." Alikuwa na haki ya kumwita hivyo. Nitaeleza mbele.

Jumamosi, 2 Agosti

Siku nzima majini, na ninaandika mikono ikiwa imekatwakatwa na mafunjo.

Mzee alituonyesha ubao wa zamani wa mtumbwi wake, uliotupwa ufukweni. Upande uliokuwa chini ya maji umetobolewa matundu kama ya msumari, mengine yanaweza kupitisha kalamu. Tukaupasua. Ndani kuna njia laini zenye utando mwembamba kama hariri. Tunutu wa povila, yaani mtoto wake asiye na mbawa bado, ndiye fundi wake. Ana pembe mbili za taya zinazotokeza mbele ya kichwa, na kwa hizo hutoboa mbao, miti iliyozama na mashina ya mafunjo yaliyo majini. Si kwamba anakula mti kama mchwa afanyavyo. Anautaka kwa ajili ya nyumba tu. Akiwa shimoni hupeperusha matamvua yake ya kupumulia, maji yanapita, naye huchuja chembe za chakula. Usiku hutoka kwenda kukwangua ute wa mwani ulioota juu ya mashina. Bwawa la Akosombo lilipojengwa kule Ghana miaka ya 1960 na Ziwa Volta likazamisha misitu mizima, mdudu huyu alizaliana kupita kiasi kwenye miti iliyokufa imesimama majini. Alipewa nyumba bure.

Baada ya hapo tukaingia kwenye mafunjo yenyewe. Tulikata mashina yaliyozama sehemu tatu: ukingo wa nje unaopigwa na mawimbi, hatua kama kumi ndani, na ndani kabisa mahali ambapo mtumbwi haupiti na inabidi ukanyage zulia la mizizi linaloelea na kunesa chini ya mguu. Kila shina tulilipasua juu ya beseni jeupe.

Ukingoni, povila. Hatua kumi ndani, mmoja mmoja. Ndani kabisa, hakuna hata mmoja.

Sababu unaweza kuinusa. Ukichota maji ya ndani yana rangi ya chai ya rangi na harufu ya mayai yaliyooza. Mafunjo yanazuia jua, upepo haufiki, majani yanayooza chini yanakula hewa yote iliyomo majini. Povila anapumua kwa matamvua na hawezi kuishi hapo. Lakini kosa kubwa ni kudhani kwamba mahali hapo hapana uhai. Kijana mmoja alichota tope akalimwaga kwenye beseni, na ndani yake vikajinyonganyonga vijidudu vyekundu kama uzi wa damu. Ni lava wa usubi wasiouma, na wekundu ule ni himoglobini hasa, jamaa ya ile iliyo kwenye damu yetu, inayowawezesha kushika hewa kidogo iliyopo. Tukampata nge wa maji na mrija wake mrefu nyuma, anaoutokeza juu ya uso wa maji kama mtu anayevuta hewa kwa bomba. Tukampata mbawakawa wa kupiga mbizi aliyebeba kiputo cha hewa chini ya mbawa zake ngumu.

Na tukampata yule aliyenifanya nikae kimya muda mrefu: kiluwiluwi wa mbu wa jenasi Mansonia. Viluwiluwi wa mbu wengine karibu wote lazima wapande juu kuvuta hewa, na hapo ndipo samaki huwadaka. Huyu ana mrija wenye ncha kali kama msumeno mdogo. Hutoboa mzizi wa mmea wa maji na kuvuta hewa iliyomo ndani ya mmea. Anaweza kukaa chini siku zake zote. Ukimtikisa anaachia taratibu, kama mtu asiyetaka kuamka.

Jumamosi, 9 Agosti. Mwezi mpevu.

Tulifunga shuka jeupe kati ya miti miwili ya mianzi kwenye ukingo wa nje, tukaweka taa nyuma yake. Jua lilizama saa kumi na mbili na dakika hamsini hivi. Mwezi ukachomoza mzima muda mfupi baadaye, juu ya mafunjo, na maji yakawa meupe.

Kwenye shuka: nondo, usubi, kunguni wa maji mmoja mkubwa aliyepiga kishindo. Povila wawili.

Jumapili, 10 Agosti

Povila kumi na moja. Vijana walianza kufurahi. Niliwaambia wasubiri.

Jumatatu, 11 Agosti. Usiku wa pili.

Saa moja na robo, giza likiwa limeingia na mwezi bado haujachomoza, mzee aliacha kupiga kasia akasema, "Sikilizeni."

Mimi nilidhani ni mvua. Ni sauti kama ya mvua ya manyunyu juu ya maji, lakini mbingu zilikuwa safi. Nikawasha tochi kuelekea majini. Uso wote wa maji ulikuwa unatetemeka. Tunutu walikuwa wanapanda, ngozi inapasuka mgongoni palepale juu ya maji, na mdudu mwenye mbawa za rangi ya maziwa anatoka, anasimama sekunde chache juu ya ganda lake kama mtu kwenye rafu, kisha anaruka. Mmoja, kumi, halafu huwezi tena kusema ni wangapi. Tuliacha kuhesabu kwenye shuka baada ya mia tatu, kwa sababu walikuwa wanatua juu ya waliotua.

Hawana mdomo wa kulia. Mdudu wa ukoo huu akishapata mbawa, kula kumekwisha. Tumbo lake limejaa mayai au mbegu na hewa. Miezi yote ya uhai wake aliitumia gizani ndani ya shina. Sasa ana kama saa moja na ushee ya kuruka, kupandana, kutaga juu ya maji, na kufa. Chini yao samaki walikuwa wanapiga maji, domodomo na gogogo na sijui nani tena, na juu popo walipita karibu na uso wangu hadi nilisikia upepo wao.

Mwezi ulipochomoza, karibu saa tatu kasoro, uso wa maji ulikuwa umetulia. Makundi ya maganda matupu yalikuwa yakielea kuelekea kwenye mafunjo. Mzee alisema marehemu baba yake aliwaambia wasitie mtumbwi mpya majini kabla ya usiku huu kupita. Hakujua sababu, ila aliitii. Mimi nadhani sababu ninaijua: mayai ndiyo yanayomwagwa usiku huo, na watoto wanaoanguliwa wanatafuta mbao.

Jumanne, 12 Agosti

Ishirini na sita. Wimbi limepita.

Jumatano, 13 Agosti. Dosari katika njia yetu.

Nimekaa na daftari tangu asubuhi na kuna jambo linanisumbua. Tunahesabu kwa taa. Lakini taa inashindana na mwezi: usiku wa mbalamwezi, mwanga wa taa yangu ni kitu kidogo, na wadudu wachache huivamia, usiku wa giza, taa hiyohiyo inawavuta kutoka mbali. Kwa hiyo, nikiona wachache tarehe 9 na wengi tarehe 11, huenda sehemu ya tofauti imeletwa na taa tu. Macho yetu yaliona maji yakitetemeka usiku wa pili, hilo silitilii shaka, lakini shajara inataka hesabu ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia.

Dawa yake ni mtego usiohitaji mwanga. Fremu ya mianzi ya mita moja kwa mita moja inayoelea, juu yake kitambaa chepesi kilichosimamishwa kama hema. Kila kinachotoka majini chini ya hema kinabaki ndani. Asubuhi unahesabu.

Jumamosi, 23 Agosti. Mwezi mpya.

Mtego wa kwanza tulishonea chandarua cha zamani, na niliona aibu nilipoelewa kosa langu. Kilikuwa chandarua chenye dawa. Wadudu wote ndani walikuwa wamekufa, na chini yake, majini, tunutu wa kereng'ende wawili walikuwa wanaelea kwa mgongo. Dawa ile ni salama kwa anayelala chini yake lakini ni sumu kali kwa wadudu wa majini na kwa samaki. Tuliutoa majini saa ileile, tukaufungia kwenye mfuko. Nimeandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayejaribu: tumia pazia jepesi la dirishani, lililofuliwa mara nyingi. Mitego minne mipya imeshonwa hivyo na mama mmoja wa hapa kijijini anayesuka mikeka, ambaye alikataa malipo na kuomba tu aje kuona.

Jioni tulipokuwa tunarudi, tuliona moshi kwenye ziwa. Nguzo kubwa tatu, nyeusi, zinapanda na kuinama na upepo. Si moshi. Ni wadudu wa ziwani, mabilioni yao, jamaa ya mbu wasiouma, wale ambao lava wao huonekana hadi ndani kama kioo na hukaa topeni mchana na kupanda juu usiku kuwinda. Na hawa nao wanafuata mwezi, lakini kinyume: Macdonald, aliyekuwa akichunguza chakula cha domodomo kule Uganda, aliandika mwaka 1956 kwamba hutoka zaidi mwezi ukiwa mpya. Kule Ziwa Nyasa ndugu zao huitwa kungu, na watu huwakusanya, huwafinyanga na kuwafanya mikate. Livingstone aliuona mkate huo akauandika.

Fikiria, ziwa moja, mwezi mmoja, wadudu wawili. Mmoja kachukua giza, mwingine kachukua mbalamwezi. Nilipowaeleza vijana, mmoja alisema, "Mwalimu, kwani wamegawana zamu?" Sina jibu bora kuliko hilo.

Jumapili, 7 Septemba. Mwezi mpevu, na kupatwa.

Tulijua tangu mwezi uliopita kwamba leo mwezi utapatwa, na tukaipanga kazi yote kwa ajili yake. Mitego minne iko majini tangu jana: miwili ukingo wa nje, mmoja hatua kumi ndani, mmoja ndani kabisa. Shuka na taa tumeziweka pia, safari hii kwa makusudi, ili kuipima taa yenyewe.

Kivuli kilianza kuula mwezi kama saa moja na nusu. Saa mbili na nusu ulikuwa umefunikwa wote, mwekundu kama chungu kipya. Kijijini tulisikia watu wakiitana watoke nje waone. Na kwenye shuka letu, lililokuwa karibu tupu, wadudu walianza kujaa. Dakika kumi baada ya mwezi kufunikwa, shuka lilikuwa limejaa kama usiku wa giza nene. Ulipoanza kufunguka, karibu saa nne, wakapungua tena. Taa ileile, mahali palepale, usiku uleule. Hii ndiyo dosari niliyoiandika tarehe 13 Agosti, mwezi wenyewe umenithibitishia.

Asubuhi ya tarehe 8 mitego ya ukingoni: povila wanne kwa jumla. Kupatwa hakukuwatoa.

Jumanne, 9 Septemba. Usiku wa pili.

Hatukuwasha taa. Tulikaa kimya mtumbwini. Saa moja na dakika kumi, ile sauti ya manyunyu.

Mitego asubuhi yake: ukingo wa nje 61 na 48. Hatua kumi ndani, 5. Ndani kabisa, sifuri, lakini mbu Mansonia tisa na usubi wengi.

Sasa ninaamini. Usiku wa mwezi mpevu wanne, usiku wa pili baada yake zaidi ya mia, kwenye mita mbili za mraba za maji tu, bila taa. Na kupatwa kwa mwezi hakukuwachanganya. Kalenda yao haikusogezwa na saa moja na nusu ya giza.

Kwa nini usiku wa pili? Nina wazo langu, nalo ni wazo tu. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huchomoza jua linapozama. Hakuna nafasi ya giza. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika hamsini. Usiku wa pili baada ya mwezi mpevu kunapatikana, kwa mara ya kwanza, zaidi ya saa nzima ya giza kati ya machweo na mwezi kuchomoza. Povila anahitaji karibu muda huohuo. Anatoka gizani, ndege wa mchana wameshalala, na wote wanatoka pamoja ili walao washibe wangali wengi. Ningependa kusikia hoja ya anayepinga.

Jumatatu, 15 Septemba. Siku ya Mara.

Leo ni siku ya kuuenzi mto huu, Kenya na Tanzania. Nilialikwa kusema maneno machache shuleni. Watoto walitaka kujua kama mafunjo yanaleta malaria. Ni swali la haki, kwa sababu hapa malaria si hadithi.

Niliwajibu kama ninavyojua. Mbu anayeitwa Anopheles gambiae anapenda vidimbwi vidogo vyenye jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kutolea udongo, majaruba mapya. Chini ya mafunjo mazito pana kivuli na baridi na maji mabovu, si pake. Mwenzake, Anopheles funestus, ndiye hupenda maji ya kudumu yenye majani, kwa hiyo ukingo wa kinamasi hauna usafi wa malaika. Lakini kule kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti walilinganisha mabonde ya mafunjo na mabonde yaliyolimwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000: vijiji vilivyo kando ya mabonde yaliyolimwa vilikuwa na joto zaidi, na hatari ya malaria ilikuwa juu zaidi. Kufyeka mafunjo hakufukuzi mbu. Kunabadilisha tu aina yake.

Msichana mmoja akauliza, "Na samaki je?" Nikamwambia kuhusu furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Sangara alipopandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita aliwamaliza furu wa aina nyingi kwenye maji ya wazi. Lakini sangara hawezi maji yasiyo na hewa, na baadhi ya furu wanaweza. Walikimbilia kwenye mafunjo, wapo hadi leo, pamoja na kambare na kamongo. Humo wanaishi kwa kula hawahawa wadudu ninaowapasulia mashina.

Jumapili, 28 Septemba

Nina uchungu leo, nitaandika kwa kifupi.

Ukingo wa kusini, ule wa mtego wa pili, umechomwa. Moto peke yake haungenisumbua sana. Mafunjo huungua juu na kuchipua tena kutoka kwenye mizizi, na tunutu walio chini ya maji hawapatwi na moto. Lakini baada ya moto wameingia na mapanga na majembe, wakakata zulia la mizizi vipandevipande ili yachukuliwe na maji, wapate ardhi nyeusi ya kupandia mboga kabla ya vuli. Vipande viliondoka na mkondo vikiwa na mashina yake, na ndani ya mashina, povila. Na mtego wetu.

Nilizungumza na mmoja wao. Ni baba wa watoto sita, mahindi yake ya mlimani yalikauka. Aliniambia, "Mwalimu, mimi sikuchukia mafunjo. Nimefuata unyevu." Sikuwa na la kumjibu pale, na sijalipata hadi usiku huu. Nilimwomba tu aache ukingo wa nje upana wa hatua tano asiukate, kwa sababu ndio unaovunja mawimbi yasije kumlia shamba. Alisema atafikiri. Namshukuru kwa hilo.

Alhamisi, 9 Oktoba. Usiku wa pili.

Mwezi ulikuwa mpevu asubuhi mapema ya tarehe 7, sawa na kalenda. Tumeweka mitego mitatu iliyobaki na mmoja mpya, huo mpya mbele ya ukingo uliokatwa.

Sauti ilianza saa moja kamili na dakika chache. Machweo yamesogea mapema kidogo na wao wamesogea nayo. Nilipiga kasia taratibu kutoka ukingo mzima kwenda uliokatwa, nimezima tochi. Nilisikia mvua ile ikipungua, ikipungua, kisha ikakoma. Mbele ya shamba jipya palikuwa kimya. Nikarudi nyuma, ikaanza tena. Nilifanya hivyo mara tatu. Mpaka wake unaweza kuuchora kwa masikio.

Asubuhi: ukingo mzima 57. Mbele ya ukingo uliokatwa 3. Hatua kumi ndani 6. Ndani kabisa, sifuri kama kawaida.

Mama wa mikeka alikuwa nasi usiku huu. Alikaa mbele kabisa ya mtumbwi, akanyoosha kiganja, mdudu mmoja akatua. Akamtazama hadi alipoacha kutembea. Akasema, "Kumbe ndio mwisho wake?" Nikamwambia ndio. Akamlaza juu ya maji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wazo la mzee. Ametuletea mbao tano za mtumbwi uleule wa zamani na shina la mti lililooza, akasema, "Mlisema anataka nyumba tu." Tumezifunga kwa kamba na mawe, tukazizamisha mbele ya ukingo uliokatwa, nusu mita chini ya uso wa maji, mahali mawimbi yanapofika. Tumeongeza mafungu manne ya mashina makavu ya mafunjo yaliyookotwa ufukweni. Kila kimoja kina namba ya rangi nyekundu. Mayai yaliyotagwa jana usiku, kama yamebebwa hadi hapa, watoto wake watakuta nyumba.

Baba wa watoto sita alituona kutoka shambani. Hakusema kitu, lakini alishuka akatusaidia kusukuma shina zito.

Jumanne, 21 Oktoba. Mwezi mpya.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha jana usiku. Kereng'ende wa rangi ya dhahabu wamejaa juu ya dimbwi la barabarani, wanachovya mikia kutaga. Mbu wa dimbwi lile watapata wawindaji. Tunutu wa kereng'ende ana taya la chini linalochomoka ghafla kama mkono na kudaka.

Tumeinua mbao. Ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu, ila konokono na mwani. Ya tatu, tupu. Fungu la mashina namba mbili: kwenye shina la katikati, tundu moja dogo, jipya, ncha ya sindano, na unga mweupe mdomoni mwake. Hatukulipasua. Tumelirudisha majini mahali palepale.

Hatua tano za ukingo bado zimesimama. Hajazikata.

Mwezi mpevu ujao ni tarehe 5 Novemba. Tarehe 7, saa kumi na mbili jioni, tunakutana darajani: mitego mitano, bila taa. Mama wa mikeka anashona mmoja zaidi.